Ukurasa wa Maswali: Jinsi Majarida ya Kwanza ya Hisabati Yalivyozaliwa

Jarida la hisabati ni chapisho linalotoka kwa vipindi, ambalo ndani yake watu wanaoshughulika na namba, maumbo na mahusiano yake huweka hadharani waliyoyagundua pamoja na uthibitisho wake, yaani mfululizo wa hoja unaoonyesha hatua kwa hatua kwamba jambo lililodaiwa ni kweli na haliwezi kuwa vinginevyo. Jarida hutofautiana na kitabu cha kiada, kwa kuwa kitabu hufundisha yaliyokwisha kukubalika ilhali jarida hubeba yale ambayo bado yako mezani yakipimwa. Tena hutofautiana na gazeti, kwa kuwa habari yake haichakai, na uthibitisho uliochapishwa sawasawa mwaka 1826 ungali uthibitisho hadi leo.

Mazungumzo haya yanachunguza namna majarida ya kwanza ya aina hiyo yalivyoanza na nani aliyepewa nafasi ya kuandika ndani yake, na uchunguzi huo unafanywa kutoka Dar es Salaam, jiji ambalo nyumba zake za hisabati zimekaa pembezoni mwa mji na si katikati. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko Mlimani, katika eneo lililokuwa la Kinondoni kabla ya wilaya ya Ubungo kumegwa. Chuo chake kishiriki cha elimu, DUCE, kilichoanzishwa mwaka 2005, kiko Chang'ombe katika wilaya ya Temeke. Na makao ya Chuo Kikuu Huria yako Kinondoni penyewe. Kinachopaswa kusemwa mapema ni kwamba jarida la hisabati, kinyume na wengi wanavyolidhania, halikuzaliwa katika kumbi za maprofesa. Lilizaliwa katika ukurasa wa maswali, ambako mtu asiyejulikana alimtumia mhariri swali, mhariri akalichapa, na mtu mwingine asiyejulikana, pengine wa mji wa mbali, akalijibu katika toleo lililofuata.

Kabla ya majarida, maarifa ya hisabati yalisafiri kwa barua, na barua ilikuwa na hasara mbili: ilimfikia mtu mmoja tu, na haikuweza kuthibitisha mbele ya watu nani aliyetangulia kugundua. Mwaka 1665 yalianza kutoka majarida mawili ya maarifa kwa ujumla, moja Paris na jingine London, na mwaka 1682 likafuata Acta Eruditorum la Leipzig, ambalo mwaka 1684 lilichapisha makala ya Leibniz iliyoitambulisha kalkulasi, tawi la hisabati linalopima mambo yanayobadilika. Humo humo, mwezi Juni mwaka 1696, Johann Bernoulli aliuliza swali hadharani: kitu kinachoteleza kwa uzito wake tu kutoka nukta ya juu hadi nukta ya chini, ambayo haiko wima chini ya ile ya kwanza, kipite njia ya umbo gani ili kifike kwa muda mfupi kuliko njia zote? Jibu, lililopatikana na watu kadhaa akiwamo Newton, si mstari ulionyooka. Ni mchirizo ule, ukipinduliwa juu chini, unaochorwa hewani na msumari uliopigwa kwenye ukingo wa gurudumu linapobingirika juu ya ardhi tambarare. Majarida hayo, hata hivyo, yalichanganya hisabati na tiba, dini, sheria na habari za nyota, na msomaji wake alikuwa msomi.

Msomaji wa kawaida alifunguliwa mlango na chapisho ambalo hakuna aliyelitazamia. Mwaka 1704 mwalimu mmoja wa mji wa Coventry nchini Uingereza, John Tipper, alianza kutoa kalenda ya kila mwaka iliyoitwa Ladies' Diary, yaani shajara ya mabibi, iliyokusudiwa wanawake na yenye siku za mwezi, mashauri na mafumbo. Katika miaka michache tu maswali ya hisabati yaliingia, na wasomaji waliyapenda kiasi kwamba yakachukua nafasi ya mashauri ya nyumbani. Kalenda hiyo ikaendelea hivyo hadi mwaka 1841, zaidi ya miaka 130. Utaratibu wake ulikuwa wa subira: swali lililochapwa mwaka huu lilijibiwa mwaka unaofuata, na mhariri alitangaza majina ya waliopata jibu sahihi, wanawake kwa wanaume, wengi wao wakijificha nyuma ya lakabu. Na jambo ambalo msomaji wa Kiswahili atalitambua mara moja ni kwamba maswali mengi yalitungwa kwa shairi, na majibu nayo mara nyingine yalikuja kwa shairi.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu desturi hiyo si ngeni hata kidogo katika pwani ya Afrika Mashariki. Malumbano ya ushairi, ambamo malenga mmoja hufumba na mwenziwe hufumbua kwa bahari na vina vile vile, yalikuwapo Mombasa na Lamu tangu zama za malenga Muyaka bin Haji, na uchapaji ulipofika yalihamia magazetini; Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, lilichapisha tungo za wasomaji, na kurasa za ushairi za magazeti ya Kiswahili yaliyofuata zilikuwa uwanja ambamo karani wa Tanga aliweza kumtupia swali mwalimu wa Kilwa, na wasomaji wakangoja toleo lijalo kuona kama amejibiwa au amekwepwa. Mtu aliyelelewa na kurasa hizo hahitaji kuelezwa Ladies' Diary ilikuwa kitu gani. Tofauti iko katika kilichofumbwa: kwa Waingereza wale fumbo liliweza kuwa urefu wa kivuli, ujazo wa pipa au siku ya kukutana kwa sayari mbili, na kigezo cha ushindi hakikuwa utamu wa lugha peke yake, kwa kuwa jibu lilikuwa sahihi au si sahihi, na yeyote mwenye kalamu aliweza kulihakiki.

Waliopita katika ukurasa huo wanaonyesha thamani yake. Thomas Simpson, aliyeuhariri kuanzia mwaka 1754 hadi mwaka 1760, alianza maisha kama mfumaji wa vitambaa na akajisomea mwenyewe, na kanuni yenye jina lake, inayokadiria eneo lililo chini ya mchirizo uliopinda kwa kulikata vipande, hufundishwa hadi leo katika hisabati ya juu. Charles Hutton, aliyeuhariri kuanzia mwaka 1773 hadi mwaka 1818, alikuwa mtoto wa mchimba makaa ya mawe na aliwahi kufanya kazi mgodini kabla hajawa mwalimu. Hakuna kati yao aliyeingia kwa vyeti vya chuo. Waliingia kwa majibu.

Jarida kubwa la kwanza lililojishughulisha na hisabati tupu halikutoka Paris. Lilitoka Nîmes, mji wa kusini mwa Ufaransa ulio mbali na mji mkuu, mwaka 1810, na mwanzilishi wake, Joseph Gergonne, alikuwa ofisa wa mizinga aliyegeuka kuwa mwalimu. Gergonne alilitoa kila mwezi kwa miaka ipatayo 22, akiliendesha kwa sehemu kubwa peke yake, na aliweka humo sehemu ya maswali yaliyopendekezwa na maswali yaliyotatuliwa, ambayo walimu wa shule za mikoani waliigombea. Mwezi Aprili mwaka 1829 alichapisha makala ya kwanza ya mwanafunzi wa sekondari wa miaka 17, Évariste Galois, ambaye baadaye ilibainika kwamba alikuwa ameweka misingi ya tawi zima la aljebra. Mhariri wa mkoani alimpa nafasi kijana ambaye taasisi kubwa za Paris zilishindwa kumwelewa hadi alipokufa mwaka 1832, na jambo hilo linastahili kukumbukwa kila inaposemwa kwamba elimu ya juu hutoka katikati ya mji kwenda pembeni.

Berlin ilifuata mwaka 1826. August Leopold Crelle hakuwa bingwa wa hisabati. Alikuwa mhandisi wa barabara na baadaye wa reli katika utumishi wa serikali ya Prussia, na kipaji chake kikubwa kilikuwa kuwatambua wenye vipaji. Jarida lake, ambalo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Jarida la Hisabati Halisi na Hisabati Tumizi, linatoka hadi leo, na juzuu lake la kwanza lilibeba makala kadhaa za kijana maskini wa Norway, Niels Henrik Abel. Abel alikuwa amethibitisha kwamba mlinganyo wa jumla wa kipeo cha tano, yaani ule ambamo kitu kisichojulikana kimezidishwa kwa nafsi yake hadi kutokea mara tano, hauwezi kutatuliwa kwa kanuni ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutafuta vipeuo, ingawa milinganyo ya kipeo cha pili, cha tatu na cha nne ina kanuni za namna hiyo. Mwaka 1824 aliuchapa uthibitisho huo kwa fedha yake mwenyewe, akaufupisha mno katika kurasa sita ili gharama isimshinde, na karibu hakuna aliyeuelewa. Crelle alimpa nafasi ya kuueleza kwa kirefu, na kwa kuwa Abel aliandika kwa Kifaransa, Crelle alichukua jukumu la kutafsiri maandiko yake kwa Kijerumani ili wasomaji wa jarida wayapate kwa lugha yao. Mhandisi mwenye kazi nzito za serikali aliona kutafsiri kuwa sehemu ya kazi ya mhariri, na si hisani ya pembeni. Abel alifariki tarehe 6 Aprili 1829 akiwa na miaka 26, na barua ya Crelle ya kumjulisha kwamba amepatiwa kazi Berlin iliandikwa siku mbili baadaye.

Historia ya Ulaya, pamoja na uzito wake, haimpi msikilizaji wa Mbagala au wa Tandale mfano wa karibu, kwa sababu haijibu swali la namna jarida linavyoweza kuanza katika nchi iliyotawaliwa, isiyo na maktaba, na ambamo elimu ya juu huja kwa lugha ya mtawala. Mfano huo uko ng'ambo ya Bahari ya Hindi, kule zilikotoka kwa vizazi vingi jahazi zilizofuata pepo za kaskazi. Mwishoni mwa mwaka 1906, ofisa wa serikali katika jimbo la Madras aliyeitwa V. Ramaswami Aiyar, ambaye hisabati kwake ilikuwa mapenzi na si ajira, aliwaandikia barua wenzake akieleza kwamba mtu anayeishi mbali na miji mikubwa hawezi kuona vitabu na majarida mapya ya hisabati, na akapendekeza waungane kuyanunua. Mwaka 1907 klabu ikaundwa na watu wachache, baadaye ikawa Chama cha Hisabati cha India, na maktaba yake ikawekwa katika Chuo cha Fergusson mjini Poona. Wanachama walichanga kila mwaka, majarida yakanunuliwa kutoka nje, na yakazungushwa kwa posta kutoka mkono hadi mkono. Anayecheza upatu Manzese au Tandika ataielewa klabu hiyo bila maelezo zaidi, isipokuwa kwamba kilichokuwa kikizunguka hakikuwa fedha.

Mwaka 1909 chama hicho kilianzisha jarida lake, na mhariri alikuwa M. T. Naraniengar wa Bangalore. Lilikuwa na makala, lakini lilikuwa pia na ukurasa wa maswali, na mwaka 1911 ukurasa huo ulipokea maswali ya kijana asiye na kazi aliyeitwa Srinivasa Ramanujan, aliyezaliwa mwaka 1887 na kushindwa mitihani ya chuo kwa sababu alisoma hisabati na kuyaacha masomo mengine yote. Swali lake moja, namba 289, linaweza kuelezwa hata redioni pasipo ubao, mradi ikumbukwe kwamba kipeuo cha pili cha namba ni ile namba ambayo ikizidishwa kwa nafsi yake huitoa namba ya kwanza, kama vile kipeuo cha pili cha 9 kilivyo 3. Ramanujan aliuliza: ni namba gani inayopatikana mtu akitafuta kipeuo cha pili cha 1 kujumlisha mara 2 ya kipeuo cha 1 kujumlisha mara 3 ya kipeuo cha 1 kujumlisha mara 4 ya kipeuo kingine, na kuendelea hivyo, vipeuo ndani ya vipeuo, bila mwisho?

Matoleo matatu yalipita, yaani kama miezi sita, na hakuna msomaji aliyeleta jibu. Ramanujan akalitoa mwenyewe. Jibu ni 3, na njia yake ni nyepesi ajabu kwa aliyekwisha kuonyeshwa. Namba 3 ni kipeuo cha pili cha 9, na 9 ni 1 kujumlisha 8, na 8 ni 2 mara 4. Hiyo 4 nayo ni kipeuo cha pili cha 16, ambayo ni 1 kujumlisha 15, na 15 ni 3 mara 5. Hiyo 5 ni kipeuo cha pili cha 25, ambayo ni 1 kujumlisha 24, na 24 ni 4 mara 6. Na 6 itafunguka vivyo hivyo, na 7 baada yake, kila namba ikiizaa inayofuata. Hatua moja tu ndiyo inayodai uangalifu zaidi, nayo ni kuthibitisha kwamba mnyororo huo usio na mwisho kweli unaisogelea 3 kadiri unavyorefushwa, na si namba nyingine. Lakini mwanafunzi wa kidato cha pili anayejua kuzidisha anaweza kuufuata mnyororo wenyewe kwa vidole.

Katika mwaka huo huo wa 1911 jarida lilichapisha makala ya kwanza ya Ramanujan, iliyohusu mfuatano maalumu wa namba uitwao namba za Bernoulli, baada ya mhariri kumrudishia mswada zaidi ya mara moja ili aeleze hatua alizoziruka, kwa kuwa kijana huyo aliona majibu haraka kuliko alivyoweza kuyaandika. Kazi hiyo ya mhariri haikutajwa sana, na ingestahili kutajwa zaidi. Ni kwa sababu maswali na makala hiyo yalikuwapo katika maandishi yaliyochapwa ndipo wakubwa wa Madras walipoweza kumwamini. Mwaka 1912 alipata kazi ya ukarani wa hesabu katika mamlaka ya bandari ya Madras, na mwezi Januari mwaka 1913 aliandika barua yake kwa mwanahisabati G. H. Hardy wa Cambridge, ambayo imesimuliwa duniani kote. Husimuliwa kana kwamba Hardy alimwokota Ramanujan gizani. Mwangaza wa kwanza uliwashwa na jarida changa la walimu na watumishi wa serikali wa India, miaka miwili kabla ya barua hiyo, na bandari ya Madras ilikuwa mahali pa kazi kama ilivyo bandari ya Kurasini, yenye makarani wanaohesabu mizigo mchana na wanaoweza kuwa na daftari jingine nyumbani usiku.

Tanganyika, kwa upande wake, ilipata chuo chake kikuu cha kwanza mwezi Oktoba mwaka 1961, wiki chache kabla ya uhuru, katika jengo la Mtaa wa Lumumba, na mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Chama cha Hisabati Tanzania, kinachojulikana kwa kifupi kama CHAHITA, kiliundwa mwaka 1966, na tangu hapo kimewakusanya walimu katika semina na kuwashindanisha wanafunzi, na huadhimisha tarehe 14 Machi, siku inayohusishwa na pai, uwiano kati ya mzingo wa duara na kipenyo chake. Kipindi hicho kilikuwa cha mageuzi ya mitaala katika Afrika nzima iliyotawaliwa na Waingereza, kwani tangu mwaka 1962 wataalamu wa Kiafrika, wa Marekani na wa Uingereza walikutana Entebbe nchini Uganda kuandika vitabu vya hisabati ya kisasa, vilivyotanguliza nadharia ya seti, na vitabu hivyo vilifika hadi madarasa ya Tanzania.

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, na hisabati ikalazimika kuzungumza. Istilahi zilizopatikana ni mali kubwa ambayo wenyewe wameizoea kiasi cha kutoiona. Namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika kwa namba nyingine isipokuwa 1 na yenyewe huitwa namba tasa, yaani isiyozaa, na jina hilo humpa mtoto wa darasa la tano picha ambayo jina la Kiingereza halina. Namba inayogawanyika kwa mbili ni shufwa na isiyogawanyika ni witiri, maneno yaliyotoka katika Kiarabu, na la pili mtoto wa Kiislamu amelisikia tayari katika swala ya usiku. Lugha imehifadhi hata hesabu ya kale ya Kibantu, kwa kuwa kabla ya sita, saba na tisa kuja kutoka Arabuni watu walisema mtandatu, mfungate na kenda, na saba ile ya zamani ingali hai katika fungate ya maharusi, iliyokuwa ya siku saba.

Mali hiyo yote huachwa mlangoni mwa sekondari. Mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza Temeke au Kinondoni huanza upya na hisabati kwa Kiingereza, na kwa miaka mingi watahiniwa waliofaulu somo hilo katika mtihani wa kidato cha nne hawakuzidi sana robo. Itakuwa kosa kusema kwamba lugha ndiyo sababu pekee, kwani uhaba wa walimu na msongamano wa madarasa una sehemu yake. Lakini mtu aliyekatwa lugha katikati ya safari hupoteza pia ujasiri wa kuuliza, na bila kuuliza hakuna ukurasa wa maswali.

Kwamba swali la kijana wa Tanzania linaweza kuingia katika jarida la kimataifa si jambo la kudhania, kwa sababu limekwisha kutokea, ingawa katika fizikia. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, aliona kwamba mchanganyiko wake wa maziwa na sukari, aliouingiza kwenye friji ungali moto, uliganda kabla ya ule wa mwenzake uliotiwa humo bila kuchemshwa. Baadaye, akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyetembelea shule hiyo, kwa nini vyombo viwili vinavyofanana vyenye maji kiasi sawa, kimoja kikiwa na nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, vikiwekwa pamoja kwenye friji, kile cha nyuzi 100 hutangulia kuganda. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne hakucheka, alirudi Mlimani, akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education la Uingereza, Mpemba akisimulia sehemu yake na Osborne akiandika ya majaribio. Wanasayansi wanabishana hadi leo juu ya sababu ya jambo hilo, na hata juu ya lini hutokea kweli, lakini ubishi huo unabeba jina la Mpemba. Jarida hilo lilikuwa la walimu, si la wabobezi, na ndiyo maana lilikuwa na nafasi ya sauti kama hiyo.

Afrika kwa ujumla ilipata jarida lake la hisabati baada ya Umoja wa Wanahisabati wa Afrika kuundwa mjini Rabat, Morocco, mwaka 1976, chini ya urais wa Henri Hogbe Nlend wa Kameruni. Jarida hilo, lililoanza mwaka 1978, liliitwa Afrika Matematika, jina ambalo kwa bahati njema husomeka kama la Kiswahili kuliko la Kiingereza au la Kifaransa, ijapokuwa Mswahili angesema hisabati. Mkutano mkuu wa tatu wa umoja huo ulifanyika Nairobi mwaka 1991. Afrika Matematika ni jarida la utafiti, na utafiti una haki ya kuwa mgumu. Tangu mwaka 2011 linachapwa na kampuni ya Springer, na mwandishi wake wa kawaida ni mwalimu wa chuo kikuu. Umoja huo huo ulizaa pia kijarida chepesi zaidi, kilichotolewa kuanzia mwaka 1987 na tume yake ya historia ya hisabati na kuhaririwa kutoka Maputo na Paulus Gerdes, Mholanzi aliyehamia Msumbiji mwaka 1976 na kuishi huko hadi alipofariki mwaka 2014. Kilitoka kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu. Gerdes alisoma hisabati iliyomo katika michoro ya mchangani ya Wachokwe wa Angola na katika mikoba ya kusukwa ya Inhambane, akionyesha kwamba msukaji anayepanga nakshi zirudie bila kukatika ametatua tatizo la ulinganifu hata kama hakuliandika. Maswali hayo hayo yangeweza kuulizwa juu ya ukili unaosukwa barazani Mbagala, au juu ya mafundi samani wa Keko wanaotafuta pembe mraba kwa kamba na penseli.

Kilichowezesha Nîmes, Poona na Bangalore hakikuwa kikubwa: mhariri mvumilivu, posta inayofika, na wasomaji wanaoona haya kuacha swali bila jibu. Redio ina uwezo wa kuifanya nusu ya kazi hiyo, na simu ya mkononi inaweza kuifanya nusu nyingine, na lugha ya kuifanyia ipo tangu mwaka 1967. Kwa hiyo, kwa kufuata desturi ya majarida yaliyoelezwa, linawekwa hapa swali moja, bila jibu lake.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, katika safu nne za mashimo manane, na kete zake ni 64. Mchezaji mmoja aliyesubiri zamu yake chini ya mwembe Tandika anataka kuzigawa kete zote 64 katika mashimo 31, akiacha shimo moja tupu, kwa sharti kwamba kila shimo kati ya hayo 31 lipate idadi witiri ya kete: moja, tatu, tano au zaidi. Je, anaweza? Na mwenzake, anayetaka kuyajaza mashimo yote 32 kwa sharti hilo hilo, je, yeye anaweza? Jibu la ndiyo au hapana halitoshi. Liandikwe pamoja na sababu yake, kwa maneno ambayo mtoto wa darasa la tano ataweza kuyafuata.